Nyumba imekwenda, deni limebaki: majirani wa Hispania waliosimama mlangoni

Mtu akiweka redio yake rehani kwa mwenye duka, wote wawili wanaujua mwisho wa jambo. Akirudisha fedha, anachukua redio yake. Akishindwa, redio inabaki dukani na wamemalizana. Hakuna anayetarajia kwamba mwezi unaofuata mwenye duka atagonga mlango, redio iko rafuni kwake, na kudai kwamba nusu ya fedha haijalipwa.

Wahispania wengi walionunua nyumba kwa mkopo kabla ya mwaka 2008 waliielewa rehani kwa namna hiyo hiyo. Likitokea la kutokea, benki itachukua nyumba na sisi tutaanza upya. Sheria yao ilisema jingine. Kifungu cha 1911 cha Sheria ya Kiraia ya Hispania, iliyotungwa mwaka 1889, kinamfanya mdaiwa awajibike kwa mali yake yote, aliyonayo leo na atakayoipata kesho. Nyumba ni dhamana ya kwanza tu. Nyuma yake kuna mshahara wa miaka ijayo, gari, akiba, hata urithi ambao mtu bado hajaupata.

Fundo lote liko hapo. Asiyelifungua hawezi kuelewa kwa nini watu waliovaa fulana za kijani walikaa kwenye ngazi za majengo ya watu wasio ndugu zao, asubuhi na mapema, wakingoja polisi waliokuja kuwatoa wenyeji wa nyumba.

Tuchukue mfano wa kubuni, wenye tarakimu rahisi. Nyumba imethaminiwa euro 200,000 na benki imekopesha 180,000. Miaka michache baadaye mwenye nyumba anaachishwa kazi, marejesho yanakwama, kesi inafika mahakamani na nyumba inatangazwa mnada. Lakini nchi nzima inauza na hakuna anayenunua, kwa hiyo mnada unakosa mteja. Sheria ya wakati ule ilimruhusu mkopeshaji kuichukua nyumba yeye mwenyewe kwa asilimia 50 ya thamani iliyokadiriwa, yaani 100,000. Benki inaandika kwamba imelipwa 100,000. Zile 80,000 zinabaki kwenye jina la mtu ambaye sasa hana nyumba wala kazi, na juu yake zinaongezwa riba ya ucheleweshaji, gharama za mahakama na ada ya wakili. Mara nyingi kuna mdhamini: mama mzazi, kaka, rafiki aliyesaini kwa wema. Deni likimshinda mkopaji linamfuata mdhamini, na nyumba ya pili inaingia hatarini.

Kinachoniuma katika hesabu hii ni kwamba nyumba ni ile ile moja. Siku ya kukopesha ilikuwa na thamani kubwa, maana thamani kubwa ilihalalisha mkopo mkubwa, na baadhi ya kampuni za uthamini zilikuwa mali ya benki zenyewe. Siku ya mnada, nyumba hiyo hiyo ikawa na thamani ya nusu. Katika safari zote mbili aliyebeba tofauti alikuwa mkopaji.

Watu waliingiaje humo kwa wingi namna ile? Hispania ilikuwa nchi ya wenye nyumba. Takriban familia nane kati ya kumi ziliishi katika nyumba zao wenyewe, na nyumba za kupanga zilikuwa chache. Kupanga kulionekana ni kutupa fedha. Baada ya nchi kuingia kwenye euro riba zilishuka, na ujenzi ukapanda kama maji ya masika: mwaka 2006 peke yake nyumba zaidi ya 600,000 zilianza kujengwa. Waliozijenga, wakiwemo wahamiaji wengi kutoka Ecuador na Morocco, waliambiwa na maofisa wa mikopo kwamba nao wanaweza kumiliki moja. Wala hiyo haikuwa mikopo ya uchochoroni, ya aina ile ambayo Tanzania tunaiita kausha damu. Ilitoka kwenye benki zenye majina, na mikataba ilisainiwa mbele ya mthibitishaji wa hati.

Ndani ya mikataba hiyo riba ilifungwa kwenye Euribor, kiwango ambacho benki za Ulaya hutumia kukopeshana zenyewe kwa zenyewe. Mwaka 2004 kilikuwa zaidi kidogo ya asilimia 2. Julai 2008 kilipita asilimia 5. Kwa mkopo wetu wa mfano, wa miaka 30, ukiongeza na faida ndogo ya benki juu ya Euribor, hilo ni rejesho kutoka kama euro 760 kwa mwezi hadi kama 1,100, bila mtu kukopa senti ya ziada. Kisha Euribor ikaporomoka, na hapo wengine wakagundua kwamba mkataba wao una kifungu cha “sakafu”: riba inaweza kupanda, lakini haishuki chini ya kiwango fulani. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Hispania ilivibatilisha vifungu vya sakafu ambavyo wateja hawakuelezwa waziwazi. Kufikia wakati huo wengi walikuwa wamekwisha kupoteza kila kitu. Ukosefu wa ajira, ambao mwaka 2007 ulikuwa kama asilimia 8, ulifika karibu asilimia 27 mwanzoni mwa 2013.

Kati ya mwaka 2008 na 2012 mahakama za Hispania zilipokea zaidi ya maombi 400,000 ya kukamata mali zilizowekwa rehani. Idadi hii hunukuliwa mara nyingi kana kwamba kila ombi ni familia moja barabarani. Sivyo. Ndani yake kuna maduka, viwanja, nyumba za mapumziko, na kesi ambazo hazikufika mwisho. Hata ukitoa zote hizo, kinachobaki ni janga.

Februari 2009, huko Barcelona, kikundi kidogo cha watu kilifungua chama kilichoitwa kwa kifupi PAH, yaani jukwaa la walioathiriwa na rehani: ndio wale wa fulana za kijani. Miongoni mwa waanzilishi walikuwemo Ada Colau na Adrià Alemany, waliotoka kwenye harakati za vijana waliokuwa wakidai haki ya makazi tangu 2006. Wengi wa waliofika mwanzoni walikuwa wahamiaji. Walitangulia kupoteza kazi, na hawakuwa na ukoo wa kuwapokea.

Watu wengi wanaikumbuka PAH kwa picha za mlangoni. Mimi naamini kazi kubwa zaidi ilifanyika ukumbini, kwenye kikao cha kila wiki, na sitaki kukipita haraka.

Mtu aliyeshindwa kurejesha mkopo wa nyumba hufika akiwa na aibu. Ameficha barua za benki kwenye droo. Mke hajui, au mume hajui. Watoto wameambiwa kwamba simu hazipokelewi kwa sababu ni za matangazo. Anachotaka ni mwanasheria wa kumvuta pembeni na kumnong’oneza dawa. PAH walikataa utaratibu huo. Ushauri ulitolewa mbele ya wote: unakaa kwenye duara, unasikiliza, unasimulia yako, na anayekujibu si wakili bali mwanamke aliyepitia hatua hiyo miezi sita iliyopita. Yeye anajua barua ipi inafuata. Anajua maneno ambayo ofisa wa tawi atayatumia, na karatasi ambayo hupaswi kusaini. Wiki ijayo wewe utakwenda naye benki kwake, na wiki ile nyingine yeye atakuja kwako.

Aliyeingia akiamini kwamba ameshindwa kwa uzembe wake aliwasikia watu thelathini wakisimulia mkataba ule ule. Aibu ikabadilika kuwa swali: kama tumekosea sote kwa namna moja, kosa ni la nani?

Hapa msomaji wa kwetu ana kitu cha kulinganisha. Katika mikopo ya vikundi tunayoijua, majirani hudhaminiana, na mmoja akishindwa, wenzake ndio wanaofika kwake kubeba sofa na televisheni ili kikundi kisiadhibiwe. Macho ya jirani yamefanywa kuwa chombo cha mkopeshaji. Wahispania walikuta aibu hiyo hiyo ikiwafungia watu ndani, nao wakaigeuzia upande wa pili. Jirani akaja kukaa kwenye ngazi.

Sasa twende mlangoni. Siku ya kutolewa, anayefika ni msafara wa mahakama: ofisa wa kutekeleza amri (kwa Tanzania tungesema kazi ya dalali wa mahakama), mwakilishi wa benki, fundi wa kubadilisha vitasa, na polisi ikihitajika. Utaratibu huu umejengwa kwa dhana kwamba ndani kuna familia moja, imechoka na iko peke yake. Novemba 3, 2010, katika mji mdogo wa La Bisbal del Penedès, Catalonia, msafara ulikuta watu wamejaa mbele ya mlango wa baba mmoja na mwanawe. Hakukuwa na vurugu. Ofisa aliangalia, akazungumza na waliokuwepo, na utekelezaji ukaahirishwa. Hiyo ndiyo mara ya kwanza PAH kuuzuia msafara.

Neno lenye uzito hapo ni “ukaahirishwa”. Umati haukufuta deni wala haukumrudishia mtu hati yake. Amri ya mahakama ilibaki hai, ikapangiwa tarehe nyingine, wiki au miezi mbele. Umati ulinunua muda, na mambo mengi ya kisheria yanategemea muda. Benki isiyojibu barua kwa mwaka mzima huanza kujibu pale inapojua kwamba kila tarehe itakuwa na kamera na watu mia moja. Madai nayo yalikuwa wazi. La kwanza lilikuwa funguo badala ya deni: chukueni nyumba, mfute deni lote. La pili, familia ibaki ndani kwa kodi inayolingana na kipato chake, maana benki ilikuwa na nyumba tupu nyingi kuliko ilizoweza kuuza. Ofisa wa tawi akisema hana mamlaka, watu ishirini walikaa chini pale pale kwenye zulia hadi mwenye mamlaka apigiwe simu.

Mei 15, 2011 viwanja vya miji ya Hispania vilijaa watu waliochoshwa na siasa na benki kwa pamoja, wakapiga mahema humo. Mahema yalipoondolewa, mikutano ilihamia mitaani, na mitaa ikahitaji kazi ya kufanya. Kazi ilikuwepo. Mwezi mmoja baadaye, katika mtaa wa Tetuán, Madrid, mamia ya watu waliuzuia msafara mmoja. Kutoka hapo jambo lilienea mji kwa mji. Desemba 2012 mafundi vitasa wa Pamplona walitangaza kwamba hawatashiriki tena kufungua nyumba za watu. Februari 2013, huko A Coruña, wazimamoto walioitwa kukata mnyororo wa mlango wa bibi mzee aliyedaiwa kodi ya pango walikataa kufanya kazi hiyo. Nikikumbuka msafara ule wa mahakama, naona kwamba hawa wawili, fundi vitasa na mzimamoto, ndio waliougusa kwenye mkono wake. Amri haijifungulii mlango.

Serikali na mahakama za nchi zilikuwa na jibu moja: sheria ni sheria, mkataba umesainiwa. Jibu hilo lilipasuka kutoka upande ambao wachache waliutarajia. Mohamed Aziz, Mmorocco aliyeishi Martorell karibu na Barcelona, alikopa euro 138,000 mwaka 2007 kutoka benki ya akiba ya Catalonia. Alishindwa kulipa, mnada ukakosa mteja, benki ikaichukua nyumba kwa nusu ya thamani, naye akatolewa Januari 2011. Mkataba wake uliweka riba ya ucheleweshaji ya asilimia 18.75. Wakili wake alifungua kesi kupinga vifungu vya mkataba, na hapo ndipo upungufu wa sheria ulipojitokeza. Kukamata nyumba kulikuwa na reli yake, ya haraka, ambayo jaji wake hakuruhusiwa kusikiliza hoja kwamba mkataba wenyewe ni wa kionevu. Hoja hiyo ilikuwa na reli nyingine, ya polepole, ambayo jaji wake hakuweza kuisimamisha ile ya kwanza. Ungeweza kushinda kesi na kukuta nyumba imekwenda zamani.

Jaji wa Barcelona, José María Fernández Seijo, aliiuliza Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya kama mpangilio huo unaafikiana na maagizo ya Umoja ya mwaka 1993 yanayomlinda mtumiaji dhidi ya masharti ya kionevu. Machi 14, 2013 jibu lilikuja: hauafikiani. Kumlipa mtu fidia baada ya kupoteza makazi yake hakutoshi. Kwa siku moja, kile ambacho waliokaa kwenye ngazi walikuwa wakiitiwa wavunja sheria kikawa na jina jingine. Sheria yenyewe ndiyo iliyokuwa imevunja sheria.

Bungeni mambo yalikuwa na mateso yake. PAH na washirika wao walikusanya saini 1,402,854 kuunga mkono muswada wa wananchi wenye madai matatu: funguo kufuta deni, hata kwa mikopo ya zamani, kusimamisha kutolewa kwa familia kwenye makazi yao ya pekee, na kodi ya pango ya kijamii, inayolingana na kipato cha familia. Zilihitajika saini 500,000. Novemba 2012, mwanamke mmoja alifariki kwa kujitoa uhai huko Barakaldo siku maofisa walipofika nyumbani kwake, na siku chache baadaye serikali ikatangaza kwa amri ya dharura kwamba familia zilizo dhaifu kabisa hazitatolewa kwa miaka miwili. Februari 5, 2013 Colau aliitwa mbele ya kamati ya Bunge. Akizungumza baada ya mwakilishi wa chama cha mabenki, alimwita mhalifu mbele ya kamera. Wiki iliyofuata Bunge likakubali kuujadili muswada.

Sheria iliyopitishwa Mei 2013 haikuwa ile ya saini milioni na ushei. Funguo kufuta deni kwa wote halikuingia. Kilichoingia ni vitu vidogo, lakini kwa familia iliyo mezani na karatasi vilikuwa vikubwa: bei ambayo benki inaweza kuichukulia nyumba ya makazi baada ya mnada kushindwa ikapanda hadi asilimia 70, riba ya ucheleweshaji ikawekewa ukomo, na jaji wa kukamata nyumba akaruhusiwa kuuchunguza mkataba. Mwaka 2015 ikaja sheria ya nafasi ya pili, iliyofungua njia ya mtu binafsi kusamehewa deni lililobaki kwa masharti. Mwaka 2019 benki zikazuiwa kudai mkopo wote kwa pamoja hadi mkopaji, katika nusu ya kwanza ya muda wa mkopo, awe amekosa marejesho ya miezi 12 au asilimia 3 ya mkopo.

Benki zilikuwa na hoja, na haifai kuificha. Zilisema kwamba deni likiweza kufutwa kwa funguo, mikopo itakuwa ghali na benki zitataka kianzio kikubwa, na watakaofungiwa nje ni maskini wale wale. Hoja hiyo ina ukweli kwa mikopo ijayo. Lakini California ina sheria inayozuia mkopeshaji kumfuata mnunuzi wa nyumba ya kuishi baada ya kuichukua, na watu wa huko bado wanakopeshwa. Na kwa mikopo iliyopita, ni vigumu kumweleza aliyepoteza nyumba kwa nini yeye abebe hasara yake yote peke yake huku kanda ya euro, mwaka 2012, ikitenga hadi euro bilioni 100 kuziokoa benki za nchi yake, na kama bilioni 41 zikatumika kweli.

Kuna sehemu moja ya harakati hizi ambayo naiona ngumu kuitetea. Mwaka 2013 wanachama walianza kwenda kwenye nyumba za wabunge waliopinga muswada, kupiga kelele na kubandika vikaratasi vya kijani. Waliiga mbinu iliyozaliwa Argentina dhidi ya watesaji wa udikteta. Walisema wabunge wamekataa kuwasikia kwingine kote, na naamini walisema kweli. Hata hivyo watu waliopigania mlango wa nyumba uwe na heshima yake walipaswa kuiheshimu hata milango ile.

Mwaka huo huo Bunge la Ulaya liliipa PAH tuzo ya raia wa Ulaya. Mwaka 2015 Ada Colau alichaguliwa kuwa meya wa Barcelona, akakaa kitini hadi 2023. Kutolewa nyumbani hakukukoma chini yake, maana amri zinatoka mahakamani, si ofisi ya meya.

Na anayetolewa amebadilika. Leo wengi wanaofukuzwa nchini Hispania ni wapangaji. Benki iliyomkopesha Aziz iliuza sehemu kubwa ya mikopo yake ya nyumba mwaka 2014 kwa mfuko wa uwekezaji wa Blackstone, mikopo yenye thamani ya awali ya zaidi ya euro bilioni 6. Mabenki yalikuwa na matawi mtaani, yenye zulia la kukalia na ofisa ambaye jina lake liko kwenye kibao mezani. Mwenye nyumba mpya yuko New York, barua zake hutoka kwa kampuni tanzu, na baadhi ya mahakama zilianza kutoa amri zisizotaja siku wala saa ya kufika mlangoni. Vikao vya kila wiki vinaendelea, na mgeni bado anaambiwa asikilize kwanza. Swali la kwanza analoulizwa akipewa nafasi siku hizi ni kama anamjua mwenye nyumba yake.